Mkono wa Mpigapicha na Theluji ya Kibo

Mtu akitazama picha ya mlima uliosimama wazi alfajiri, kilele chake kimeshika wekundu wa jua linalochomoza na misitu ya kiunoni mwake imekolea kijani, neno la kwanza linalomtoka siku hizi aghalabu si la sifa bali ni la shaka: "Hii imeeditiwa." Neno hilo hutamkwa kama hukumu iliyokwisha pitishwa, na mpigapicha anayeshitakiwa kwalo hujitetea kwa kula yamini kwamba hakugusa kitu. Naona wote wawili, mshitaki na mshitakiwa, wanagombania jambo lisilokuwapo, kwa sababu picha isiyoguswa na mkono wala hesabu yoyote haijapata kuonekana tangu kamera ibuniwe. Swali linalostahili kuulizwa, na ambalo nataka kulitazama hapa kwa wasaa, ni kugusa kwa kadiri gani kunahifadhi amana iliyopo baina ya apigaye na atazamaye, na ni wapi amana hiyo huvunjika.

Kamera ya dijitali ina kibamba kidogo nyuma ya lenzi, na juu ya kibamba hicho zimepangwa chembe za kupokea nuru kwa mamilioni, ambazo hazijui rangi hata kidogo. Kazi ya kila chembe ni kupima wingi au uchache wa nuru iliyoifikia, basi. Rangi tunazoziona hutokana na vichujio vidogo vilivyozifunika chembe hizo kwa mpangilio uliobuniwa na Bryce Bayer wa kampuni ya Kodak, ambao ulipewa hataza mwaka 1976, nusu ya vichujio vikiwa vya kijani, robo vyekundu na robo vya buluu. Kwa hiyo katika kila nukta ya picha ni rangi moja tu iliyopimwa, na mbili zilizobaki zimekadiriwa kwa hesabu kutokana na nukta jirani. Faili ya RAW, yaani ile iliyo ghafi kama ilivyotoka kwenye kibamba, katika kamera nyingi nzuri za leo huhifadhi daraja 16,384 za nuru kwa kila chembe, ilhali picha ya kawaida ya JPEG huhifadhi daraja 256 tu kwa kila rangi, na baina ya kiasi kile na kiasi hiki ni lazima awepo wa kuamua kipi kibaki na kipi kitupwe. Simu ya mkononi, ambayo ndiyo kamera ya wengi wetu, huzidi hapo: ubonyezapo mara moja, yenyewe huweza kupiga picha kadhaa kwa mfululizo, ikazichanganya, ikalitia giza anga lililowaka na kuufungua uso uliokuwa kivulini, kabla hujapata hata kuitazama. Basi anayeapa kwamba hakuhariri picha yake, kwa hakika amewaachia wahandisi wa kiwandani waihariri kwa niaba yake, nao hawakuwapo pale aliposimama wala hawakuiona alfajiri ile.

Tena jicho la binadamu halitazami kama lenzi. Sisi tukisimama shambani mapambazuko, macho yetu hupanda mbinguni mboni zikasinyaa, yakashuka migombani mboni zikapanuka, na akili ikayaunganisha yote mawili kuwa mandhari moja isiyo na tundu la giza wala doa la weupe; ilhali kamera hupewa kipimo kimoja cha nuru kwa anga na shamba pamoja, na saa ile anga huweza kulizidi shamba kwa nuru mara mia au zaidi. Ikipimwa kwa ajili ya anga, shamba huwa wino. Ikipimwa kwa ajili ya shamba, anga huungua likawa karatasi tupu. Sehemu kubwa ya kazi ya kuhariri picha ya mandhari, ikifanywa kwa insafu, ni kurudisha kile ambacho mwenye macho alikiona na kamera ikashindwa kukishika.

Wazee wa kazi hii waliijua taabu hiyo zamani sana. Katika miaka ya 1850 Mfaransa Gustave Le Gray alitaka kuonyesha bahari na mawingu yake katika picha moja, na kemikali za siku zile, zilizokuwa zikilipokea buluu kwa pupa, zikamnyima. Basi akapiga bahari kwa kioo kimoja na mbingu kwa kioo kingine, akaviunga kwenye mstari wa upeo wa macho, na watu wakastaajabu. Haikumzuia kitu kulitumia wingu lile lile juu ya bahari zaidi ya moja. Karibu karne moja baadaye Ansel Adams, Mmarekani aliyesomea piano kabla ya kujitoa kwa kamera, alisimama mwaka 1941 kandokando ya barabara karibu na kijiji cha Hernandez katika New Mexico, mwezi umepanda na jua la mwisho likiiangazia misalaba ya makaburini; kifaa chake cha kupimia nuru hakikuonekana, akakadiria kwa kuukumbuka mwangaza wa mwezi wenyewe, akapiga kipande kimoja, na kabla ya kupiga cha pili nuru ikaitoka misalaba. Kipande hicho kimoja alikifanyia kazi umri wake wote. Mwaka 1948 aliitia dawa sehemu ya chini ya negativu ili ardhi ipate nguvu, na kadiri miaka ilivyopita alilisafisha anga likawa jeusi zaidi na zaidi, hata mawingu membamba yaliyoonekana katika nakala za mwanzo yakatoweka katika nakala za baadaye. Lakini mwezi ulibaki pale ulipokuwa, na msalaba haukuongezwa wala haukupunguzwa. Wanaohuzunika kwamba kompyuta imeleta hila katika sanaa iliyokuwa safi wangefaa kuitazama kazi hiyo, na waikumbuke pia filamu ya Velvia ya Fujifilm, iliyoingia sokoni mwaka 1990 na kupendwa mno na wapigapicha wa mandhari kwa sababu ilizikoleza rangi kupita zilivyoonekana na macho.

Tuchukue sasa faili moja tuitazame kwa karibu: Kibo, kilele cha Kilimanjaro, iliyopigwa kutoka nyanda za Moshi saa kumi na mbili na nusu asubuhi, jua likiingia kutoka upande wa kulia, migomba ikiwa mbele na mlima umetulia kaskazini kabla mawingu ya mchana hayajaufunika. Ikifunguliwa katika programu kama Lightroom, faili hiyo huwa imepooza kiasi cha kumvunja moyo mgeni wa kazi: anga la kijivu, mlima wa buluu hafifu kwa sababu ya unyevu na vumbi la hewa iliyo katikati, migomba kama kivuli kimoja kisichoonyesha jani wala shina. Kwanza huwekwa mizani ya weupe, ili ule ujotojoto wa nuru ya asubuhi usiliwe na hesabu ya kamera iliyotaka kuufanya mweupe. Kisha nuru kali hupunguzwa mpaka mikunjo na nyufa za barafu zionekane. Kisha vivuli hufunguliwa, si mpaka kila jani lihesabike, bali mpaka mtazamaji ajue kwamba ile ni migomba na kwamba bado ni alfajiri. Madoa ya vumbi lililotua kwenye kibamba huonekana angani kama nukta za kijivu, nayo hufutwa bila ya kusita, kwa kuwa hayakuwapo Moshi, yalikuwa ndani ya kamera. Upeo wa macho ulioinama hunyooshwa. Mpaka hapo hakuna aliyedhulumiwa.

Tamaa huanza baadaye. Kipo chombo cha kuondoa utusitusi, na ukikisukuma kidogo mlima hujisogeza karibu, ukingo wake ukawa mkali, nawe ukafurahi. Ukikisukuma tena anga hugeuka buluu ya wino na uzi mweupe ukajitokeza kuuzunguka mlima mzima, uzi ambao hakuna aliyepata kuuona Kilimanjaro tangu ulimwengu uwepo. Ukikoleza rangi, mkanda wa msitu huacha kuwa msitu ukawa rangi ya mlango. Kinachonitia wasiwasi zaidi ni kile cha kuongeza weupe, kwa sababu juu kule baina ya barafu na mwamba pana changarawe za kijivu hafifu na vipande vya mawingu vilivyolala, na weupe ukipandishwa vyote huungana na barafu, na kofia ya mlima ikapanuka mbele ya macho yako bila ya wewe kuchora hata mstari mmoja. Jicho nalo si hakimu wa kutegemewa katika saa hiyo, kwani huzoea upesi. Rangi iliyolishtua dakika ya kwanza huwa ya kawaida dakika ya kumi, na mkono huongeza tena ili kuupata mshtuko ule ule. Njia ninayoiamini ni kuiacha picha ilale usiku kucha na kuitazama asubuhi pamoja na faili ghafi, zote mbili kwa wakati mmoja, kisha kurudi nyuma hatua moja au mbili. Mara chache sana nimeona picha iliyoharibika kwa kurudishwa nyuma.

Wengi wa wanaoifikiri mas'ala hii huweka mpaka wao hapa: nuru iguswe, vitu visiguswe. Ni mpaka mzuri, na historia inauunga mkono. Mnamo Februari 1982 jarida la National Geographic lilitoa jalada la piramidi za Giza. Picha ya asili ilikuwa ya kulala na jalada ni la kusimama, basi piramidi zikasogezwa kwa kompyuta zikakaribiana ili zienee. Mawe yale hayakuongezeka wala kupungua, na tofauti yenyewe mtu asingeitambua bila ya kuambiwa. Lakini habari ilipojulikana lawama zilikuwa kubwa, na hata leo jalada hilo hutajwa kila wanapokutana watu wa picha, kwa kuwa jarida lile lilikuwa limejenga heshima yake juu ya ahadi kwamba lionyeshalo ndilo lililoko. Mwaka 2012 mashindano ya Mpigapicha Bora wa Mandhari huko Uingereza yalimvua mshindi taji lake kwa picha ya mashua zilizopinduliwa katika kisiwa cha Lindisfarne, ilipodhihirika kwamba mawingu yaliongezwa na mengineyo yalibadilishwa kupita kanuni. Kwa upande mwingine, Andreas Gursky, Mjerumani, alifuta kwa kompyuta majengo yaliyokuwa ng'ambo ya mto Rhein akabakiza mikanda ya majani, maji na anga tu. Picha yake hiyo ya mwaka 1999, iitwayo Rhein II, iliuzwa mwaka 2011 kwa zaidi ya dola milioni 4, wala hakuna aliyemwita mwongo, kwa sababu hakuificha kazi yake wala hakumwahidi mtu kumwonyesha ukingo wa mto jinsi ulivyo. Kitendo kimoja, basi, ni hiana kwa huyu na ni sanaa kwa yule, na kinachowatenganisha ni lile wanaloaminiwa na watazamao.

Kwetu mwambaoni suala hili lina sura yake. Pwani ya mashariki ya Unguja, Paje na Jambiani, bahari ya adhuhuri juu ya mchanga mweupe ina rangi ambayo haihitaji msaada wa mtu: maji huumeza wekundu wa nuru ya jua, mchanga huirudisha iliyobaki, na mtazamaji wa mbali asiyepafahamu ndiye husema rangi imetiwa. Kioo cha kuchuja mng'ao kikifungwa mbele ya lenzi hutosha. Lakini maji hayo hayakai pale siku nzima. Wakati wa bamvua bahari hupanda na kushuka kadiri ya mita nne, na maji yakipwa hurudi nyuma mpaka karibu na mwamba, yakaacha madimbwi, majani ya bahari, na mistari ya vijiti na kamba ambavyo akina mama wamekuwa wakilimia mwani tangu mwisho wa miaka ya 1980. Anayeitengeneza picha ya ufuo huo kwa ajili ya tangazo, akavifuta vijiti vile kimoja kimoja kwa sababu vinamchafulia utulivu wa maji, hafuti takataka. Anafuta konde la mtu, na anamwambia mgeni kwamba pale hapana mwenyewe. Nikiombwa rai juu ya waya wa umeme unaokatiza anga la Moshi, nasema ubaki, au mpigapicha ahamishe miguu yake. Juu ya mfuko wa plastiki uliopeperushwa na upepo ukatua mbele ya lenzi, nasema auokote kabla ya kupiga. Na juu ya vijiti vya mwani nasema mpigapicha asubiri maji yajae, kama anataka bahari tupu, kwani bahari iliyojaa nayo ni kweli na huja mara mbili kila siku.

Tangu mwaka 2020 programu ya Photoshop ina uwezo wa kulibandua anga lote na kubandika jingine kwa mguso mmoja, na tangu hapo nimeona mandhari za Afrika Mashariki zilizovikwa mawingu ya nchi zisizojulikana. Ubandikaji huo hujifichua kwa anayeijua nchi yake. Vivuli vya chini huelekea kushoto ilhali jua lililobandikwa liko upande huo huo wa kushoto. Machweo ni mekundu kama damu na migongo ya ng'ombe ni meupe kwa nuru ya saa sita. Mwezi ndio msaliti mkubwa: kwetu karibu na ikweta mwezi mchanga aghalabu hulala chali, pembe zake zikielekea juu, kama dau lililoshushwa majini, na mpigapicha anayechukua mwezi wa Ulaya, uliosimama wima kwa ubavu, akautundika juu ya minara ya Lamu, ametangaza kwa kila mvuvi na kila mwenye kuandama mwezi wa Ramadhani kwamba mwezi huo haukuandama Lamu.

Walakini mpaka ule wa nuru na vitu, ijapokuwa ni mzuri, hautoshi, na Kilimanjaro ndio unaonionyesha hivyo. Mwaka 1912 Wajerumani wawili, Fritz Klute na Eduard Oehler, walikuwa mlimani wakipiga picha si kwa ajili ya uzuri bali kwa ajili ya kupima, mandhari moja ikipigwa kutoka sehemu mbili ili umbali na kimo vipate kuhesabiwa, na kutokana na picha hizo Klute akachora ramani ya mlima na barafu yake. Wataalamu wa siku zetu, wakilinganisha kazi hiyo na picha za baadaye, wamekadiria kwamba barafu iliyofunika zaidi ya kilomita za mraba 11 mwaka 1912 ilikuwa imebaki chini ya kilomita za mraba 2 mwaka 2011. Katika mlima wenye habari kama hiyo, kupandisha weupe kwa kidole hakuwezi kuwa suala la ladha peke yake. Hakuna kitu kilichoongezwa, hakuna kilichofutwa, nuru tu ndiyo iliyoguswa, na picha imeshuhudia barafu isiyokuwapo.

Wala picha iliyoachwa ilivyo haikingwi na hatari hiyo. Theluji mpya huanguka Kibo hususan wakati wa masika, Machi mpaka Mei, na wakati wa vuli, Novemba na Desemba. Hushuka mpaka mabegani mwa mlima, ikakaa siku chache, ikayeyuka. Picha mbili za satalaiti, moja ya Februari 1993 na nyingine ya Februari 2000, zilienezwa duniani kote zikiwa pamoja, ya kwanza na kilele kimefunikwa na ya pili kimebaki karibu kitupu, na wengi walizisoma kama kwamba miaka saba imekula barafu yote ile, ilhali sehemu kubwa ya tofauti iliyoonekana ilikuwa theluji ya msimu tu na si barafu ya kale. Kupungua kwa barafu ni kweli tupu. Lakini picha zile hazikuwa kipimo chake. Kwa hiyo mpigapicha wa mandhari, hata akiwa mwaminifu kabisa katika nuru na katika vitu, bado ana deni la maneno: atamke mwezi na mwaka, saa, mahali alipoisimamisha kamera yake, na kama mvua ilikuwa imenyesha. Maneno hayo machache chini ya picha hayaupunguzi uzuri wake, na humwacha huru mtengenezaji aliyependa kulitia giza anga lake kama Adams au kuunga mbingu mbili kama Le Gray, maadamu amesema alivyofanya.

Picha za mwaka 1912 zinatumika hata leo kwa sababu zilihifadhiwa pamoja na habari za mahali zilipopigiwa. Wanaopiga Kibo sasa, kwa kamera au kwa simu, ni wengi kupita hesabu, na kila siku mlima hupigwa kutoka Moshi, kutoka Marangu, kutoka Amboseli, katika misimu yote. Kamera nyingi, na simu nyingi za leo, zinaweza kuhifadhi faili ghafi pamoja na tarehe na saa yake, mwenyewe akiruhusu. Faili hiyo isifutwe ili kupata nafasi ya nyingine. Nakala iliyotengenezwa kwa ajili ya ukutani au ya kutumiwa jamaa na iwekwe kando yake, na kila moja iandikwe ni ipi.